Mfupa Mdogo na Umri wa Tabaka: Historia ya Utambuzi na Ukadiriaji wa Umri wa Masalia ya Wanyama Wadogo katika Korongo la Olduvai, 1911–2012

Ikisiri

Makala hii inachunguza namna watafiti walivyojifunza kutambua na kukadiria umri wa mifupa midogo ya wanyama inayofichuliwa na mmomonyoko katika Korongo la Olduvai, kaskazini mwa Tanzania. Historia ya Olduvai imezoeleka kusimuliwa kwa kufuata mafuvu ya binadamu wa kale na kipimo cha potasiamu na agoni kilichotangazwa mwaka 1961. Makala inadai kwamba masimulizi hayo yanaliacha pembeni swali lililoamua uhalali wa kila umri uliotangazwa: je, mfupa uliokutwa katika tabaka ni wa tabaka hilo? Kwa kufuatilia mjadala wa kiunzi cha Reck, maendeleo ya upimaji wa majivu ya volkano, na uchunguzi wa mifupa ya panya na virukanjia wa Tabaka la I, inaoneshwa kwamba utambuzi wa mfupa, ukadiriaji wa umri wake na historia ya kufika kwake mahali ulipokutwa ni mambo yasiyotenganishika.

1.0 Utangulizi

Korongo la Olduvai, ambalo Wamaasai huliita Oldupai kwa jina la mkonge pori unaoota kandokando yake, limekatwa na maji katika uwanda wa mashariki wa Serengeti. Kuta zake zina kina cha takriban mita 90. Kutoka chini kwenda juu zinaonesha mfululizo wa mashapo ya ziwa, mashapo ya mito na majivu ya volkano uliojengeka kwa muda wa takriban miaka milioni mbili. Kila msimu wa mvua maji huondoa sehemu ya mashapo hayo, na yanapoondoka mifupa hujitokeza. Mmomonyoko ndio uliowawezesha watafiti kuifikia mifupa ya Olduvai. Mmomonyoko huohuo ndio unaoitenga mifupa na ushahidi wa umri wake.

Utata huu hauna uzito sawa kwa mfupa mkubwa na kwa mfupa mdogo. Paja la tembo likiporomoka kutoka ukutani huwa haliendi mbali, na mara nyingi vipande vyake vingine hubaki vimeshikwa na tabaka. Taya la panya, ambalo urefu wake ni kama sentimita mbili, laweza kusombwa na kijito cha mvua moja, kutumbukia katika ufa wa udongo uliokauka, au kushushwa mita nzima na mnyama anayechimba shimo. Anayeliokota chini ya ukuta ana mfupa mkononi, lakini hana tabaka.

Hata hivyo, mifupa hiyo midogo ndiyo inayobeba habari ambazo mifupa mikubwa haiwezi kuzitoa kwa usahihi uleule. Nyumbu na tembo husafiri mwendo mrefu na huishi katika mazingira ya aina nyingi. Panya na kirukanjia huishi katika eneo dogo, na wengi wao hutegemea aina mahususi ya uoto. Kwa hiyo, anayetaka kujua kama binadamu wa kale wa Olduvai waliishi katika msitu au katika nyika kavu hulazimika kuwasikiliza wanyama hawa. Makala hii inafuatilia jinsi ushahidi wao ulivyopata uwezo wa kuaminika. Maswali matatu yanaongoza uchunguzi: mfupa ni wa mnyama gani, umetoka katika tabaka lipi, na ulifikaje hapo.

2.0 Kiunzi cha Reck na Swali la Tabaka, 1911–1935

Mwaka 1911 daktari Mjerumani Wilhelm Kattwinkel alipita Olduvai na kukusanya mifupa iliyopelekwa Berlin. Miongoni mwake yalikuwamo masalia ya farasi wa kale mwenye vidole vitatu wa jenasi ya Hipparion. Mkusanyiko huo ulitosha kuonesha kwamba mahali hapo palikuwa na masalia ya kale sana, na mwaka 1913 mtaalamu wa jiolojia Hans Reck aliongoza msafara wa utafiti. Reck aliyagawa mashapo ya korongo katika matabaka matano, akayapa namba kutoka I chini hadi V juu. Mgawanyo huo, ingawa ulirekebishwa baadaye, ndio uliokuwa lugha ya pamoja ya watafiti wote waliomfuata.

Katika msafara huohuo kilipatikana kiunzi cha binadamu katika mashapo ya Tabaka la II. Mifupa ilikuwa karibu kamili, na mwili ulikuwa umekunjwa. Umbo lake lilikuwa la binadamu wa sasa, lakini tabaka lilikuwa na mifupa ya wanyama waliotoweka zamani. Reck alishikilia kwamba kiunzi hicho kilikuwa na umri sawa na tabaka. Kama dai hilo lingekuwa kweli, historia yote ya maumbile ya binadamu ingehitaji kuandikwa upya.

Louis Leakey alilitilia shaka dai hilo kabla ya kufika Olduvai. Mwaka 1931 alikwenda huko pamoja na Reck na A. T. Hopwood wa Makumbusho ya Uingereza, na baada ya kupaona mahali penyewe alibadili msimamo. Watatu hao walichapisha tamko katika jarida la Nature wakiunga mkono ukale wa kiunzi. Mwaka uliofuata C. Forster-Cooper na D. M. S. Watson walihoji kama mifupa kamili iliyokunjwa haikuwa dalili ya maziko. Mtu aliyezikwa huwekwa ndani ya shimo, na shimo hushuka katika tabaka lenye umri mkubwa kuliko yeye.

Jawabu halikupatikana kwa kuitazama mifupa. Lilipatikana kwa kuutazama udongo ulioganda kuizunguka. Sampuli ya udongo huo, ambayo ilikuwa imehifadhiwa Munich pamoja na kiunzi, ilichunguzwa na Percy Boswell na wenzake. Ndani yake mlikuwa na vijiwe vyekundu vinavyofanana na vya Tabaka la III, na vipande vya chokaa visivyotofautiana na vile vya Tabaka la V. Tabaka la II haliwezi kuwa na chembe za tabaka ambalo lilikuwa bado halijawekwa. Mwaka 1933 Leakey, Reck, Boswell, Hopwood na Solomon walikiri kwa pamoja, katika jarida lilelile, kwamba kiunzi kilikuwa kimeingizwa katika Tabaka la II katika zama za baadaye sana.

Tukio hili kwa kawaida hutajwa kama aibu iliyopita. Makala hii inalitazama kwa namna nyingine, kwa kuwa lilianzisha kanuni mbili ambazo bado zinatumika. Kwanza, ushahidi wa umri wa mfupa hauishii katika mfupa wenyewe. Udongo uliogandamana nao ni sehemu ya ushahidi, na anayeusafisha mfupa bila kuhifadhi udongo huo anafuta hati yake ya kuzaliwa. Pili, ukamilifu wa kiunzi hauthibitishi kwamba mahali pake hapakuguswa. Kwa mwili uliozikwa, ukamilifu ni sababu ya kuongeza shaka.

Kanuni ya tatu ilitokana na tukio jingine, safari hii nchini Kenya. Mwaka 1932 msafara wa Leakey ulipata kipande cha taya la binadamu huko Kanam, katika rasi ya Homa kando ya Ziwa Viktoria. Boswell alipokwenda kukagua, mahali hasa pa ugunduzi hapakuweza kuoneshwa. Alama zilizochomekwa ardhini zilikuwa zimeondolewa, na picha iliyochapishwa ilikuwa ya korongo jingine. Katika tamko lake la mwaka 1935 Boswell aliukataa ushahidi huo. Hakudai kwamba taya hilo ni la juzi. Alichodai ni kwamba hakuna awezaye kusema ni la lini. Mfupa usio na mahali hauna umri, hata kama anayeuonesha ni mtaalamu.

3.0 Majivu ya Volkano na Umri wa Kuazima, 1959–2012

Hadi mwishoni mwa miaka ya 1950 matabaka ya Olduvai yalipangwa kwa mfuatano tu. Ilijulikana kwamba Tabaka la I lilitangulia Tabaka la II, lakini haikujulikana kwa miaka mingapi. Kaboni-14, ambayo nusu-uhai wake ni miaka 5,730, haikufaa. Uwezo wake hukoma katika takriban miaka 50,000, na protini ya mfupa inayohitajika kwa kipimo hicho ilikuwa imekwisha kupotea katika mifupa ya Olduvai. Kipimo cha florini, kilichompatia Kenneth Oakley sifa kwa mchango wake katika kufichua udanganyifu wa Piltdown mwaka 1953, kingeweza kuonesha kama mifupa miwili ya mahali pamoja imekaa ardhini kwa muda unaolingana. Hakikuweza kutaja muda huo kwa miaka. Tena kwa mifupa midogo kina udhaifu wake, kwa sababu mfupa mwembamba hunyonya florini haraka kuliko mnene.

Tarehe 17 Julai 1959 Mary Leakey aligundua fuvu lililopewa jina la Zinjanthropus katika eneo la FLK, ndani ya Tabaka la I. Louis Leakey alilikadiria kuwa na umri wa takriban miaka 600,000. Mwaka 1961 Leakey, Jack Evernden na Garniss Curtis walitangaza kipimo cha potasiamu na agoni kilichotoa miaka milioni 1.75. Msingi wa kipimo hicho ni kwamba potasiamu-40 iliyomo katika fuwele za volkano hugeuka polepole kuwa agoni, kwa nusu-uhai wa takriban miaka bilioni 1.25. Fuwele linapozaliwa katika joto kali agoni ya awali hutoroka. Kuanzia hapo hujikusanya upya kama mchanga katika shisha.

Jambo linalohitaji mkazo hapa ni kwamba kilichopimwa hakikuwa mfupa. Kilichopimwa ni majivu yaliyoganda kuwa mwamba, yaitwayo tufu, yaliyolala chini na juu ya mifupa. Kila umri wa mfupa wa Olduvai wa zama hizo ni umri wa kuazima: mfupa huupata kutoka kwa tabaka, kwa sharti kwamba uhusiano kati yao umethibitishwa. Kipimo kikiwa sahihi kiasi chochote, hakiwezi kuziba pengo la uhusiano usiothibitishwa.

Majivu yenyewe nayo hayakusalimika na swali lilelile. Mwaka huohuo wa 1961 von Koenigswald, Gentner na Lippolt walichapisha umri wa takriban miaka milioni 1.3 kwa basalti iliyoko chini ya Tabaka la I. Matokeo hayo yalimaanisha kwamba mwamba wa chini ni mdogo kuliko mashapo yaliyoulalia, jambo lisilowezekana. Mwamba uliopoteza agoni yake huonekana kijana kuliko ulivyo. Kwa upande mwingine, majivu yaliyosombwa na maji na kuchanganyika na chembe za miamba ya zamani huonekana mazee kupita kiasi. Mwaka 1965 Fleischer, Price, Walker na Leakey walitumia njia tofauti, ya kuhesabu nyufa ndogo zinazoachwa na urani inapojigawa, na kupata umri wa takriban miaka milioni 2. Umri huo, pamoja na mipaka yake ya makosa, uliafikiana na ule wa Evernden na Curtis.

Ufumbuzi wa tatizo la mchanganyiko ulikuja pale ilipowezekana kupima fuwele moja moja kwa kuiyeyusha kwa leza. Mwaka 1991 Walter, Manega, Hay, Drake na Curtis walitumia njia hiyo kwa Tabaka la I, ambapo fuwele ngeni zenye umri tofauti ziliweza kutambuliwa na kutengwa. Mwaka 2012 Alan Deino alichapisha mfululizo uliorekebishwa. Kwa mujibu wake, Tufu IB ina umri wa takriban miaka milioni 1.848, na Tufu IF, inayofunga Tabaka la I upande wa juu, ina takriban miaka milioni 1.803.

Historia hii ya majivu inafanana kwa undani na ile ya kiunzi cha Reck. Fuwele kongwe ndani ya majivu mapya ni mgeni sawa na maiti ya karibuni ndani ya tabaka la kale. Katika hali zote mbili maendeleo hayakutokana na mashine yenye nguvu zaidi peke yake. Yalitokana na kukubali kwamba vitu vilivyolala pamoja si lazima viwe vilizaliwa pamoja.

4.0 Utambuzi: Mnyama Gani?

Uchimbaji wa Mary Leakey katika Matabaka ya I na II, uliofanyika kati ya mwaka 1960 na 1963 na kuchapishwa mwaka 1971, ulitoa idadi kubwa ya mifupa midogo, hasa katika maeneo ya FLK NN na FLK N. Katika FLK NN ndiko pia yalikopatikana, mwaka 1960, masalia yaliyokuwa msingi wa jina Homo habilis lililotangazwa mwaka 1964. Mifupa midogo haionekani kwa kupita na kuinama. Hupatikana kwa kuchekecha udongo, na ukubwa wa matundu ya chekeche huamua ni mnyama gani ataingia katika historia. Chekeche la milimita tano hupitisha jino la panya likaenda na vumbi. Kwa hiyo orodha za wanyama zilizotungwa kwa mikusanyo ya zamani haziwezi kulinganishwa moja kwa moja na zile za baadaye, kwani kutokuwepo kwa kirukanjia katika orodha ya zamani kwaweza kumaanisha tu kwamba hakuna aliyechekecha.

Sehemu kubwa ya utambuzi hutegemea meno. Mifupa ya miguu na uti wa mgongo ya panya wa spishi tofauti hufanana mno, na mara nyingi haimfikishi mtafiti mbali zaidi ya familia. Magego, kinyume chake, yana mpangilio wa vinundu na mikunjo unaotofautiana kati ya jenasi na jenasi. Enameli ni ngumu kuliko mfupa, na hubaki wakati taya limekwisha kuvunjika. Ndiyo maana hesabu ya idadi ndogo kabisa ya wanyama waliomo katika mkusanyo hufanywa kwa kuhesabu gego la aina moja la upande mmoja wa taya. Utaratibu huu huzuia mnyama mmoja kuhesabiwa mara kadhaa kwa sababu tu mifupa yake imetawanyika.

Kazi hiyo iligawanywa kwa wataalamu wachache. R. Lavocat alitoa maelezo ya awali ya panya wa Olduvai katika juzuu lililochapishwa mwaka 1965. P. M. Butler na M. Greenwood walishughulikia wanyama wala wadudu, wakiwamo kalunguyeye na sange. Mwaka 1976 Jean-Jacques Jaeger alichapisha uchambuzi mpana wa panya wa Tabaka la I, na mwaka 1989 Christiane Denys aliongeza spishi mpya, miongoni mwao fuko wa jenasi ya Heterocephalus, jamaa wa fuko wasio na manyoya wanaoishi leo katika maeneo makavu ya Kenya, Ethiopia na Somalia.

Hatari ya utambuzi wenye makosa haikuwa ya kinadharia. Mfano ulio wazi unatoka Laetoli, kusini mwa Olduvai. Mwaka 1935 Leakey alikusanya huko masalia yaliyopelekwa London, na miongoni mwake lilikuwamo jino moja la chonge lililoandikwa kuwa la nyani. Lilikaa katika kabati la makumbusho hadi mwaka 1979, lilipotambuliwa kuwa la jamaa wa kale wa binadamu. Kwa zaidi ya miaka 40 ushahidi ulikuwapo, una namba na una kibandiko, lakini jina lake lilikuwa si lake. Jino moja lililotengana na taya ni ushahidi mdogo, na ushahidi mdogo humezwa kwa urahisi na matarajio ya anayeutazama.

Laetoli inatoa funzo la pili. Mikusanyo ya Ludwig Kohl-Larsen ya mwaka 1938 na 1939 ilitokana kwa sehemu kubwa na mifupa iliyokwisha kutoka ardhini. W. O. Dietrich alipoichambua mwaka 1942, orodha yake ilijumuisha wanyama wa zama zaidi ya moja. Ni baada ya matabaka kutenganishwa na majivu kupimwa katika miaka ya 1970, kwa matokeo ya kati ya miaka milioni 3.6 na 3.8 kwa sehemu yenye masalia ya binadamu wa kale, ndipo wanyama hao walipoweza kurudishwa kila mmoja katika zama zake.

5.0 Njia ya Mfupa: Ulifikaje Hapo?

Kufikia miaka ya 1970 mtafiti wa Olduvai aliweza kutaja jina la panya na umri wa tufu. Kilichobaki ni kuunganisha mambo hayo mawili. Taaluma iliyoshughulikia pengo hilo, tafonomia, ilipewa jina mwaka 1940 na Ivan Efremov wa Urusi. Inachunguza yote yanayoupata mwili wa mnyama kuanzia kifo hadi kuokotwa kwake. Mwaka 1978 Anna K. Behrensmeyer, kwa kuchunguza mizoga ya Amboseli nchini Kenya, aliweka hatua za kuchakaa kwa mifupa iliyoachwa juani. Hatua hizo, hata hivyo, zilikusudiwa wanyama wenye uzito wa zaidi ya kilo tano. Panya na kirukanjia walibaki nje ya kipimo.

Pengo hilo lilizibwa na Peter Andrews katika kitabu chake cha mwaka 1990 kuhusu bundi, mapango na visukuku. Hoja yake ya msingi ilikuwa kwamba mikusanyo mikubwa ya mifupa midogo kwa kawaida haitokani na wanyama waliojifia. Hutokana na wawindaji. Bundi humeza panya mzima, kisha hutapika kitonge cha manyoya na mifupa chini ya mahali anapotua. Kwa kuwa tindikali ya tumbo lake si kali sana, mifupa hutoka ikiwa na madhara machache. Ndege wawindaji wa mchana, kama mwewe, huharibu zaidi. Wanyama walao nyama, kama nguchiro na kanu, hutafuna na kuyeyusha kuliko wote. Alama za tindikali juu ya enameli, zinazoonekana kwa hadubini, huwezesha kumtambua mwindaji, au angalau kundi lake.

Mwaka 1998 Yolanda Fernández-Jalvo, Denys, Andrews na wenzao walitumia njia hiyo kwa mikusanyo ya Tabaka la I. Swali lao lilikuwa la lazima. Jaeger na wengine walikuwa wameona kwamba aina za panya hubadilika kutoka sehemu ya kati ya Tabaka la I kwenda juu, na kwamba panya wa maeneo makavu huongezeka. Lakini kila mwindaji ana chaguo lake. Ikiwa tabaka la chini lilikusanywa na bundi na la juu na mnyama alaye nyama, tofauti ya panya yaweza kuwa tofauti ya walaji, si ya hali ya hewa. Watafiti hao walibainisha alama za uwindaji, wakakadiria upendeleo uliotokana nazo, na ndipo wakatafsiri mazingira.

Mchango wa uchunguzi huu kwa ufahamu wa mazingira umetajwa mara nyingi. Mchango wake kwa suala la umri haujapewa uzito unaostahili, na hapo ndipo makala hii inapoweka mkazo wake. Chukua mfano wa fuko. Mnyama huyu huishi chini ya ardhi na hufia humo. Fuko wa zama za baadaye angeweza kuchimba hadi Tabaka la I na kuacha mifupa yake humo, sawasawa na maiti ya Reck. Lakini jino lenye alama za tindikali halikutoka kwa fuko aliyefia shimoni mwake. Limepita tumboni mwa mwindaji na kuangushwa juu ya uso wa ardhi. Likikutwa limeshikwa na mashapo yasiyovurugwa, pamoja na mamia ya meno mengine yenye alama za aina hiyohiyo, uso huo wa ardhi ni uso wa tabaka lenyewe. Hivyo alama ya tumbo inakuwa sehemu ya hoja ya umri.

Hoja hii ina mipaka yake. Bundi wa leo hutua katika kuta za korongo, na vitonge vyao huanguka juu ya miteremko ileile inayofichua masalia ya kale. Katika udongo uliolegea jino la panya wa mwaka jana na jino la panya wa miaka milioni 1.8 yaweza kulala bega kwa bega, yote mawili yakiwa na alama za tindikali. Kinachoyatenganisha ni kiasi cha madini yaliyoingia katika mfupa, rangi yake, udongo uliogandamana nao, na zaidi ya yote, ithibati kwamba lilitolewa ndani ya tabaka na si juu ya mteremko. Hakuna dalili moja inayotosha. Uthabiti hutokana na dalili kadhaa zisizotegemeana zinapoelekea upande mmoja.

Tahadhari nyingine inahusu mzunguko wa hoja. Pale pasipo na majivu, kama katika mapango ya Afrika Kusini, wanyama wadogo na wakubwa hutumika kukadiria umri wa tabaka kwa kulinganishwa na wale wa Afrika Mashariki. Njia hiyo ni halali mradi umri wa wanyama wa kulinganishia umetokana na ushahidi mwingine. Panya akitumika kutoa umri wa tabaka, na tabaka hilohilo likatumika kutoa umri wa panya, hakuna kilichopimwa. Thamani ya Olduvai inatokana na kwamba huko umri wa panya umesimama juu ya majivu.

6.0 Kilichopatikana kwa Uangalifu Huo

Matokeo ya uchunguzi wa mwaka 1998 yanaonesha kwamba wanyama wadogo wa sehemu ya kati ya Tabaka la I waliishi katika mazingira ya miti mingi, yenye utajiri wa spishi kuliko sehemu yoyote ya savana ya Afrika ya leo. Kuelekea juu utajiri huo unapungua, na mwishoni mwa tabaka mazingira yanakuwa ya miti iliyoachana, yenye majira ya ukame. Homo habilis wa FLK NN na Zinjanthropus wa FLK wanaangukia katika kipindi cha miti mingi, si katika nyika tupu ambayo picha nyingi za vitabuni huwachora humo.

Mikusanyo hiyo imelala kati ya Tufu IB na Tufu IF. Kwa vipimo vya Deino, umbali kati ya tufu hizo mbili ni takriban miaka 45,000. Mabadiliko ya uoto ambayo zamani yangeweza kudhaniwa kuchukua mamia ya maelfu ya miaka yamefungwa ndani ya muda mfupi sana kwa kalenda ya jiolojia. Hitimisho hili linasimama juu ya nguzo tatu. Bila utambuzi wa meno hakuna mabadiliko ya kuripotiwa. Bila umri wa fuwele hakuna muda wa kuyapimia. Bila historia ya bundi na nguchiro hakuna uhakika kwamba meno na fuwele ni vya zama moja. Nguzo moja ikiondolewa, zilizobaki hazibebi kitu.

7.0 Hitimisho

Makala hii imeonesha kwamba historia ya ukadiriaji wa umri katika Olduvai haikuanza mwaka 1961 wala haikukamilika kwa ujio wa potasiamu na agoni. Ilianza pale watafiti watano walipokubali hadharani, mwaka 1933, kwamba udongo uliogandamana na mfupa una neno la mwisho kuliko mfupa wenyewe. Vipimo vya baadaye vilizidi kuupa umri wa tabaka usahihi, na usahihi huo uliongeza uzito wa swali la uhusiano. Kosa la kuhusisha mfupa na tabaka lisilo lake halikuwa na madhara makubwa wakati umri ulitajwa kwa mamia ya maelfu ya miaka. Katika mfululizo unaopimwa kwa maelfu, kosa hilo linafuta matokeo yote.

Aidha, matokeo haya yanahusu utunzaji wa urithi wenyewe. Olduvai na Laetoli zimo ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, iliyoanzishwa mwaka 1959 na kuingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1979, na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda masalia yake. Ulinzi wa kisheria unaweza kuuzuia mkono wa mtu, lakini hauwezi kuizuia mvua. Mashapo yataendelea kumomonyoka, na vitu vya kwanza kuondoka vitakuwa vile vyepesi zaidi: meno ya panya, taya za virukanjia, mifupa ya vyura na ndege. Kwa hiyo makala inapendekeza kwamba ukaguzi wa kuta baada ya kila msimu wa mvua uandamane na uandikaji wa mahali na tabaka kabla ya mfupa wowote kuinuliwa, na kwamba udongo unaoambatana nao uhifadhiwe pamoja nao. Vilevile, mikusanyo ya zamani iliyomo makabatini haina budi kutazamwa upya, kwa kuwa jino la Laetoli la mwaka 1935 limethibitisha kwamba ugunduzi waweza kufanyika pasipo kuchimba. Yale ambayo hayakuandikwa siku ya kuokota, hata hivyo, hakuna maabara itakayoyarudisha.